Mboji ya gunia kutoka duka la pembejeo, Kongowea

Mboji inayouzwa kwa magunia katika duka moja la pembejeo karibu na soko la Kongowea, Mombasa, inastahili kununuliwa, ingawa kwa tahadhari. Imeoza sawasawa, ni nyeusi, haina harufu ya samadi mbichi, na ilipochanganywa na udongo wa kichanga wa shamba letu la Kisauni, ambao hupitisha maji yote chini mara tu unapomwagiliwa, udongo huo ulianza kushika unyevu na mchicha ukapata rangi. Hilo si jambo dogo, kwani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2015 kwamba takriban asilimia 33 ya udongo duniani imedhoofika kwa mmomonyoko, chumvi, kushindiliwa na kupotea kwa rutuba, ilhali sentimita chache tu za udongo huweza kuchukua hadi miaka 1,000 kujijenga.

Kasoro yake ni vipande vya plastiki, ambavyo muuzaji alitushauri tuviokote wenyewe (ushauri wa ajabu kwa bidhaa ya kulipiwa). Aidha, gunia halionyeshi kiwango cha naitrojeni wala cha chumvi; na kwa mkulima wa pwani anayemwagilia kwa maji ya kisima, chumvi ndiyo ya kuuliziwa kwanza.