Ununue Need for Speed Ipi? Mwongozo kwa Mnunuzi wa Dar es Salaam

Anayeingia maduka ya Kariakoo kutafuta gemu ya mbio za magari ya mitaani huwekewa mbele CD tano au sita zenye jina lile lile la Need for Speed, na muuzaji humhakikishia kwamba zote ni kali. Jina ni moja, lakini yaliyomo hayafanani, kwa kuwa mfululizo huu ulioanza mwaka 1994 kwenye mashine ya 3DO umegeuzwa mwelekeo mara nyingi, na kila mageuzi yaliongeza kitu na kuondoa kingine. Mpangilio ufuatao unamlenga mtu anayetumia fedha zake kwa uangalifu, ambaye intaneti yake ni ya bando na ambaye hatakuwa na njia ya kurudisha CD akishafika nyumbani Mbagala au Tegeta.

Kabla ya yote, jua mashine uliyonayo. PS4 (yaani PlayStation 4) haisomi CD za PS2 wala za PS3. PS5 husoma CD za PS4, isipokuwa lile toleo lisilo na sehemu ya kuingizia CD, ambalo hukulazimu kushusha kila gemu kwa intaneti.

Kwa wengi, nafasi ya kwanza ni ya Need for Speed Heat ya mwaka 2019, inayochezwa kwenye PS4, Xbox One na kompyuta. Ubora wake unaeleweka vizuri zaidi ukirejea nyuma kidogo. Mwaka 2003, Underground iliwaondoa polisi kabisa na kumpa mchezaji gereji: rimu, bampa, spoila, taa za neoni chini ya gari, na mbio za usiku kwa magari ya kawaida, mengi ya Kijapani, badala ya magari ya kitajiri. Mwaka 2005, Most Wanted iliwarudisha polisi. Matoleo mengi yaliyofuata yaliegemea upande mmoja, wa gereji au wa polisi, na kuudhoofisha mwingine, hadi ProStreet ya mwaka 2007 ikahamisha mbio kutoka mitaani na kuzipeleka kwenye viwanja halali, jambo ambalo wapenzi wengi wa mfululizo hawakulipokea vizuri.

Heat inaunganisha pande zote mbili kwa mpango rahisi: mchana unashindana kwa ajili ya fedha, usiku kwa ajili ya sifa, na sifa ndiyo inayokufungulia magari na vipuri. Kadiri polisi wanavyozidi kukuandama usiku, ndivyo sifa inavyozidishwa, lakini ukikamatwa kabla ya kufika maficho unapoteza sehemu kubwa ya ulichovuna. Kupita tu kwenye kituo cha mafuta hulitengeneza gari lililoharibika, ila nafasi hizo ni tatu kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mchezaji aliyekwisha kuzitumia mbili, huku boneti imekunjika na ving'ora viko nyuma yake, hulazimika kuamua kama aingie mbio moja zaidi au aende kulala na alichonacho. Uamuzi huo ndio uhai wa gemu hii, na naipenda kwa ajili yake. Faida nyingine ni kwamba unaweza kuicheza peke yako bila intaneti. Upungufu mmoja utamgusa mkazi wa jiji ambalo barabara zake zimejaa Toyota: ndani ya Heat hakuna Toyota hata moja. Anayependa umbo la Toyota GT86 atalipata kwa jina la Subaru BRZ, ambayo ni pacha wake.

Nafasi ya pili naipa Most Wanted ya mwaka 2005. Kama gemu, ningeiweka ya kwanza bila kusita. Inashuka kwa sababu ya mashine tu, kwani inahitaji PS2, Xbox 360 au kompyuta ya zamani, na haiuzwi kwenye maduka ya mtandaoni. Unanyang'anywa BMW M3 GTR mwanzoni kabisa, kisha unapanda ngazi ya wapinzani 15, na huwezi kumkabili yeyote kati yao hadi uwe umewasumbua polisi kiasi cha kutosha. Hakuna toleo lililofuata lililofanya kukimbizwa kuwe na maana kubwa namna hii. Aidha, kwenye PS2 watu wawili hucheza kwa pedi mbili mbele ya runinga moja iliyogawanywa skrini, jambo ambalo Heat, pamoja na Payback na Unbound zilizo hapa chini, hazina. Mwenye banda la gemu, au nyumba yenye watoto wawili wanaogombania pedi, asilipuuze hilo. Uwe macho na jina pia: kuna Most Wanted nyingine ya mwaka 2012, ya PS3 na Xbox 360, ambayo haina hadithi ile wala gereji ya kubadilisha umbo la gari. Soma mwaka kwenye jalada.

Ya tatu ni Hot Pursuit Remastered, toleo la mwaka 2020 la gemu ya mwaka 2010. Hapa unaweza kuwa mkimbizwaji au polisi mwenyewe, mbio ni fupi, na magari ni ya kifahari. Anayetaka kufungua injini na kubadilisha bampa hatapata anachotafuta.

Unbound ya Desemba 2022 ni nzuri kuliko nafasi yake ya nne, lakini kati ya mashine za PlayStation inachezwa kwenye PS5 pekee; huchezwa pia kwenye Xbox Series na kompyuta. Unalipa kiingilio cha mbio kutoka mfukoni mwako, na kurudia mbio ulizoshindwa kuna kikomo, hivyo kushindwa kunauma. Michoro ya rangi inayoruka kutoka kwenye tairi haitampendeza kila mtu. Mwenye PS5 aipandishe hadi nafasi ya pili.

Payback ya mwaka 2017 huuzwa sana ikiwa imetumika, lakini uboreshaji wa gari humo hutegemea kadi za bahati nasibu. Wachezaji walilalamika hadi kampuni ikalazimika kuongeza zawadi, na hata baada ya hapo safari ni ndefu bila sababu. Ya mwisho ni Need for Speed ya mwaka 2015, ambayo haichezeki bila intaneti hata ukiwa peke yako. Bando likikatika, na mbio zimekatika.

Ukiwa dukani, igeuze CD kwenye mwanga uone mikwaruzo, kisha mwombe muuzaji aiweke kwenye mashine na asubiri hadi gari liondoke kwenye mstari, kwa sababu CD mbovu inaweza kukuonyesha nembo na menyu vizuri kabisa na kukwama pale mji unapoanza kupakiwa. Muulize pia kama atakubali kuipokea tena kwa kubadilishana ukiimaliza. Wapo wanaokubali, na makubaliano hayo yafanyike kabla ya kulipa.