Uzoefu wangu na waya wa mtandao wa Cat6 ndani ya kuta za nyumba

Waya niliouchagua kwa ajili ya mtandao wa nyumba yangu ni wa Cat6, yaani kategoria ya sita ya nyaya za mtandao, usio na ngao, wenye nyuzi nzima za shaba tupu, na baada ya kuutumia kwa muda wa kutosha ninaweza kusema kwamba ningeuchagua tena. Hata hivyo, sababu kubwa ya kuridhika kwangu haiko kwenye namba 6 iliyochapishwa juu ya ganda lake, bali kwenye madini yaliyomo ndani, na ningependa mtu anayejiandaa kufanya kazi hii alielewe jambo hilo kabla ya kuanza kulinganisha namba.

Mahitaji yangu yalikuwa ya kawaida: kila chumba kipate angalau soketi moja ya mtandao, vituo viwili vya Wi-Fi viwekwe darini, na kamera za usalama zipate data na umeme kwa waya mmoja. Umbali mrefu kuliko wote kutoka kwenye swichi, kile kifaa kinachogawa mtandao kwa nyaya zote, hadi kwenye soketi haukufika mita 40. Ruta na swichi hubadilishwa kila baada ya miaka michache bila kumsumbua mtu, lakini waya ukishapigiwa plasta hautolewi kwa urahisi, na kwa hiyo nilitaka waya utakaoishi muda mrefu kuliko vifaa vyote vitakavyounganishwa nao.

Boksi la kwanza nililoletewa lilikuwa na maandishi ya Cat6 pande zote, lakini lilikuwa jepesi mno. Nilikwangua uzi mmoja kwa kisu, na chini ya rangi ya shaba ukatokea weupe wa alumini. Hiyo ndiyo aina inayouzwa kwa kifupi cha CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na wauzaji wengi huichanganya na waya halisi bila kusema. Wepesi wenyewe ni ushahidi, kwa sababu sentimita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa gramu 8.96 ilhali ya alumini ina gramu 2.70 tu. Muuzaji alijitetea kwamba waya umepimwa na taa zote za kipimaji zimewaka. Taa hizo huonyesha tu kwamba kila uzi umefika upande wa pili kwa mpangilio sahihi. Hazisemi lolote kuhusu ubora wa njia yenyewe. Nililirudisha boksi hilo.

Ubaya wa alumini katika kazi hii una sura zaidi ya moja. Ukinzani wake kwa umeme ni mkubwa kuliko wa shaba kwa zaidi ya nusu, na hilo huonekana zaidi pale umeme wa kamera au wa kituo cha Wi-Fi unapopitishwa kwenye waya huohuo wa mtandao kwa utaratibu wa PoE. Kiwango cha kwanza cha PoE, cha mwaka 2003, kiliruhusu wati 15.4 tu kutoka kwenye swichi. Cha mwaka 2009 kilifika wati 30, na cha mwaka 2018 kinafika wati 90. Kadiri umeme unavyoongezeka ndivyo sehemu kubwa zaidi inavyopotea njiani na kugeuka joto, na nyaya zilizofungwa pamoja ndani ya ukuta hazina mahali pazuri pa kulitolea joto hilo. Pamoja na hayo, alumini hukatika upesi inapokunjwa mara kadhaa, na mahali inapobanwa kwenye soketi huota utando wa oksidi unaodhoofisha mguso. Kiwango cha TIA-568, cha chama cha viwanda vya mawasiliano cha Marekani (TIA), kinataka nyuzi za shaba, kwa hiyo waya wa CCA hauna haki ya kuitwa Cat6 hata kama umeandikwa hivyo kwa herufi kubwa.

Kipimo ninachokiamini kuliko kukwangua ni cha multimita, nacho hakihitaji kifaa cha gharama. Chukua kipande cha mita 50, unganisha nyuzi mbili za jozi moja (nyuzi nane za waya husokotwa mbili mbili) upande wa mwisho, kisha pima ukinzani upande wa mwanzo. Hapo umepima mita 100 za uzi, kwenda na kurudi. Kiwango hakiruhusu ukinzani uzidi omu 9.38 kwa mita 100. Waya nilioununua baadaye, wenye nyuzi za unene wa karibu milimita 0.57, ulitoa kipimo cha karibu omu 7, na hapo ndipo nilipokubali kuuingiza ukutani.

Kuhusu namba za kategoria, nitasema wazi kwamba Cat5e ya shaba halisi bado inatosha nyumba nyingi. Inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na tangu kiwango cha mwaka 2016 inaweza kubeba hata gigabiti 2.5 kwa umbali huohuo. Nilichagua Cat6 kwa kuwa imepimwa hadi megahezi 250 badala ya 100, na kwa kuwa inaweza kubeba gigabiti 10 hadi mita 55 katika mazingira mazuri, umbali ambao nyumba yangu haiufikii. Cat6A, yenye megahezi 500, hufikisha kasi hiyo mita 100 kamili. Ni waya mzuri sana, lakini ni mnene na mgumu, na mabomba niliyokuwa nimeyafukia ukutani yangejaa kabla kazi haijaisha.

Zilizobaki sikuzifikiria kwa muda mrefu. Cat7 haitambuliwi na TIA, na viunganishi vilivyokusudiwa kwake si RJ45 ya kawaida, kile kichwa cha plastiki tunachokizoea kwenye nyaya za mtandao, kwa hiyo waya wa Cat7 wenye vichwa vya RJ45 haukupi kile ulichokilipia. Cat8 imetengenezwa kwa vyumba vya seva, ambako husafirisha gigabiti 25 au 40 kwa umbali usiozidi mita 30. Ninaposikia watu wakishauriwa kuitandaza nyumba nzima, ninawahurumia. Na zile nyaya bapa, nyembamba kama utepe, zinazoandikwa namba kubwa ili zipite chini ya zulia, ningeziepuka kabisa kwa kazi ya kudumu.

Swali la ngao lilinichukua muda zaidi. Kinga ya kwanza dhidi ya mwingiliano ni msokoto wenyewe: kila jozi husokotwa kwa kiwango chake, ili kelele inayoingia izifikie nyuzi zote mbili kwa usawa na kufutwa upande wa kupokea. Ngao ya karatasi ya alumini huongeza kinga pale penye mitambo mikubwa ya umeme, lakini ni lazima iunganishwe vizuri na ardhi kupitia soketi na paneli zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Ngao iliyoachwa ikining'inia haina faida ya kueleweka. Nyumbani, kuutenganisha waya wa mtandao na nyaya za umeme, na kuzivuka kwa pembe mraba pale isipowezekana kuziepuka, kulinitosha.

Kwa kamera za nje nilitumia waya mwingine, wenye ganda jeusi la polietilini linalostahimili jua, kwa kuwa ganda la kawaida la PVC hukauka na kupasuka linapochomwa na jua kwa muda mrefu.

Ni vyema pia kutofautisha waya wa ukutani na ule mfupi wa kuunganishia kompyuta. Wa ukutani una nyuzi nzima, ambazo hushikwa imara na soketi. Ule mfupi una nyuzi za nywelenywele, kwa sababu hukunjwa mara kwa mara. Mgawanyo unaokubalika ni mita 90 ukutani na mita 10 za nyaya fupi kwa jumla ya ncha zote mbili.

Katika kuutandaza, Cat6 hii ni ngumu kuliko Cat5e. Ndani yake mna uti wa plastiki wenye umbo la msalaba unaotenganisha jozi nne, na uti huo hukataa kona kali. Kona zangu zote zilikuwa na nusu kipenyo kisichopungua mara nne ya unene wa waya, na tulivuta kwa mkono bila kutumia nguvu nyingi, kwa sababu kikomo ni nyutoni 110, ambacho mtu mwenye haraka anaweza kukivuka bila kujua. Kwenye soketi, msokoto haukufunguliwa zaidi ya milimita 13. Nilitumia mpangilio wa rangi wa T568B pande zote. T568A ungefanya kazi vilevile, mradi ncha mbili zisitofautiane. Kilichonifurahisha ni alama za mita zilizochapishwa kwenye ganda, ambazo ziliniwezesha kujua muda wote ni kiasi gani kimebaki kwenye boksi la mita 305.

Matokeo yamekuwa ya kuridhisha sana. Kompyuta mbili zilipounganishwa kwa gigabiti 1 zilipitisha karibu megabiti 940 kwa sekunde, ambao ndio ukomo wa kawaida baada ya kuondoa mzigo wa itifaki. Baadaye niliweka swichi ya gigabiti 2.5, na vituo vya Wi-Fi vikapanda kasi bila ukuta kuguswa. Chumba kimoja kiliwahi kushuka hadi megabiti 100. Dalili hiyo ni ya kukumbukwa, kwa kuwa gigabiti 1 hutumia jozi zote nne ilhali megabiti 100 hutumia mbili tu, na kasi inaposhuka hivyo aghalabu jozi mojawapo imeachia. Uzi wa kahawia ulikuwa umelegea kwenye soketi. Ulipobanwa upya kasi ikarudi.

Lalamiko langu ni moja: boksi lilikuwa na tabia ya kutoa waya ukiwa umejipinda, na kila pindo lililazimika kunyooshwa kwa mikono kabla ya kuvuta, la sivyo lingekaza ndani ya bomba. Ningependekeza kununua waya uliozungushwa kwenye gurudumu pale unapopatikana. Ningependekeza pia kupitisha nyaya mbili badala ya moja kwa kila chumba cha kazi na sebuleni, na kuacha kamba ya kuvutia ndani ya bomba linalounganisha swichi na dari, kwa ajili ya nyuzi za kioo (faiba) zitakapohitajika.