Miezi kumi na minne na mashine ya mifuko ya kaki, Chake Chake

Wiki hii pekee nimeulizwa na watu watatu, wawili wa Unguja na mmoja wa Wete, kama mashine ya mifuko ya kaki ya kitako cha mraba inamlipa mtu wa visiwani. Kila mmoja nilimjibu nusu nusu kwenye simu, kazi ikinisubiri. Sasa naandika kwa kirefu, mazuri yake na yaliyoniumiza, ili anayetaka kutoa fedha zake azitoe akijua anaingia wapi.

Kabla ya mashine tulikuwa wanawake sita, mimi, shangazi yangu na majirani wanne, tukikunja mifuko kwa mikono kwenye ukumbi wa nyumba yetu Machomanne. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, na Bara ikafuata Juni 1, 2019, kwa hiyo kwetu mfuko wa karatasi si jambo geni. Wateja wetu ni waokaji wa boflo, wauza viungo na maduka mawili ya dawa. Mwenye mkono mwepesi alikuwa akitoa mifuko 350 kwa siku, na shangazi akifika 400 akianza baada ya sala ya alfajiri. Mwokaji mmoja peke yake alitaka 1,500 kila siku ya Mungu, ukiacha wengine. Tukawa tunawapunguzia hawa ili tuwape wale, na wengine tunawarudisha kabisa. Kumrudisha mteja aliyekuja na fedha mkononi kunauma.

Aliyewahi kukunja anajua kuwa ubavu wa mfuko haumpi mtu tabu. Unazungusha karatasi, unapaka gundi ukingoni, umepata bomba. Shughuli iko kwenye kitako. Inabidi ufungue mdomo wa chini wa bomba, uulaze mpaka utoke umbo la almasi, ukunje bawa la kwanza, upake gundi, kisha ulete bawa la pili lilalie la kwanza kwa upana wa vidole viwili. Ukipinda kidogo tu, mfuko unasimama upande. Ukiibania gundi pembeni, bizari inavuja njiani na mteja anafika nyumbani na nguo ya manjano. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta mashine nilikuwa na swali moja tu: kitako inakikunjaje?

Niliyoinunua ni ya mtumba, imetengenezwa India, na inalishwa karatasi kwa roli. Mpaka kuifikisha mlangoni, pamoja na meli, gati la Mkoani na lori, ilinila shilingi milioni 31. Uzito wake ni tani mbili na nusu. Fundi alitutaka tumwage zege nene kwanza na likae mpaka likauke sawasawa, kwa sababu mashine ya aina hii isipokaa imara mtikisiko unaihamisha, na ikihama kidogo tu mkunjo nao unahama.

Roli linafunguka kwa nyuma. Karatasi inapita kwenye rola ndogo inayopaka mstari mwembamba wa gundi ukingoni, halafu inazungushwa juu ya kalibu, yaani bati refu la chuma linaloipa umbo la bomba. Magurudumu mawili ya pembeni yanaisukuma karatasi ndani na kuitia marinda. Kisu cha meno kinakata. Hapo kipande kinadakwa na ngoma kubwa yenye vidole vya chuma. Ngoma ikizunguka, vidole vinashika tabaka moja la karatasi na kuliinua, kitako kinatanda ile almasi yetu, pedi ya mpira iliyolowa gundi inakipiga kama muhuri, mabawa yanakunjwa moja baada ya jingine, na mfuko unatoka umelala bapa. Siku ya kwanza shangazi alisimama mbele ya ngoma ile kimya kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Huyu aliyeitengeneza alikaa chini akakunja kwa mikono yake kwanza."

Maneno hayo yalinifanya nitafute habari zake. Mashine za mifuko ya karatasi zilikuwapo Marekani tangu Francis Wolle alipotengeneza yake 1852, lakini mfuko wake ulikuwa kama bahasha, hauna kitako. Aliyeifundisha mashine kukunja na kugandisha kitako bapa ni mwanamke, Margaret Knight, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya mifuko huko Springfield, Massachusetts. Mwanamume mmoja, Charles Annan, aliiona mashine yake ikitengenezwa, akakimbilia kuomba haki ya uvumbuzi kwa jina lake mwenyewe. Knight alimshitaki, akaleta michoro yake na mashahidi, akashinda, na hataza akaipata 1871. Marinda ya ubavuni, yanayofanya mfuko ulale bapa na kusimama wenyewe ukifunguliwa, yalikuja na mashine ya Charles Stilwell mwaka 1883. Niliwasomea wenzangu habari hii wakati tukifunga mafungu ya mifuko. Tulipoleta mashine, watu wawili watatu mtaani walikuwa wametuambia chuma kama hiki kinataka wanaume. Sitaki kusema mengi juu ya hilo. Leo anayeiendesha ni jirani yangu, mama wa watoto watano, na kubadilisha kisu anabadilisha mwenyewe.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mfuko wetu mkubwa wa boflo una upana wa sentimita 18, rinda la sentimita 10 na urefu wa sentimita 30. Upana wa roli unaupata kwa kujumlisha 18 na 10, kuzidisha kwa mbili, kisha kuongeza sentimita 2 za kugandishia ubavu: jumla 58. Urefu wa kukata ni 30, nusu ya rinda ambayo ni 5, na 2 za mabawa kulaliana: 37. Kwa karatasi ya gramu 70 kwa mita mraba, mfuko mmoja unakula karibu gramu 15, kwa hiyo kilo moja inatoa mifuko 66 hivi. Roli la kilo 300 linakaribia mifuko 20,000, ukiondoa inayoharibika. Kabla hujazungumza bei na mteja, fanya hesabu hii kwa kila saizi. Kuna roli tulilouziwa limekatwa sentimita 57 badala ya 58, na sentimita hiyo moja ilitula siku mbili. Ubavu ulikuwa unashika kwa ncha tu.

Kasi: tangazo lilisema mifuko 150 kwa dakika. Mimi naiendesha 70. Nimeijaribu 110, ikaenda, lakini vidole vikaanza kukosa tabaka na katika kila mia nikatupa sita au saba. Kwa 70 natupa mmoja, pengine hata huo haupo. Hiyo 70 ni mifuko 4,200 kwa saa, na roli zima linaisha kabla ya alasiri hata tukisimama mara kadhaa. Soko la Pemba nzima kwa wateja nilionao halitaki zaidi.

Gundi nitaizungumzia sana, mnivumilie.

Mashine ilifika wakati wa kaskazi, jua kali na upepo mkavu, ikafanya kazi kama saa. Ikaingia masika. Wiki ya pili ya mvua mwokaji akanirudishia mifuko 600: ukitia boflo kumi, ukainua, kitako kinafunguka na mikate iko chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona katika biashara. Nilidhani mashine imeharibika, nikampigia muuzaji, simu haikupokelewa. Tulikaa siku tatu tunakagua ngoma, vidole, mikanda, kila kitu. Mashine ilikuwa nzima. Karatasi ndiyo ilikuwa imekunywa unyevu. Gundi ya maji hushika pale karatasi inapoyanyonya maji yake na mengine yakaenda na hewa. Karatasi ikiwa imeshashiba na hewa yenyewe imeshashiba, gundi inabaki mbichi ndani ya mkunjo, na sisi tulikuwa tunaipanga mifuko ikiwa moto moto, mia juu ya mia, kisha tunaifunga kamba. Haikupata hata nafasi ya kupumua.

Tulichofanya ni hiki. Roli haziguswi na sakafu tena, zinakaa juu ya mbao na zimevikwa nailoni mpaka siku ya kutumika. Masika gundi tunaiacha nzito, hatuongezi maji hata kama rola inalalamika. Mifuko inalala usiku mzima kwenye kichanja, feni ikipita juu yake, ndipo inafungwa. Na hakuna mzigo unaotoka mpaka shangazi atie kilo mbili za sukari katika mfuko mmoja wa kila fungu, aunyanyue, autikise. Tangu tuanze utaratibu huo sijarudishiwa mfuko. Kaskazi shida inageuka: gundi inakaukia kwenye rola na pedi ukisimama hata robo saa, kwa hiyo tukisimama tunaosha kwa maji ya vuguvugu hapo hapo. Ukiiacha ikaganda utaikwangua kwa kisu, na ukiikwangua pedi utaitoboa.

Karatasi nayo ina mambo. Kaki iliyotengenezwa kwa nyuzi mpya za misonobari, kama ile ya Mgololo kule Mufindi, inavumilia kukunjwa na marinda hayapasuki. Niliwahi kuchukua kaki ya rangi nzuri tu, ya karatasi zilizorejelewa, kwa sababu bei ilikuwa chini. Ilikatika kwenye kalibu mara kumi na moja siku moja.

Umeme ni wa fezi tatu, na fezi moja ikipotea mota inaweza kuungua. Weka kinga ya fezi siku ya kwanza. Sisi tuliiweka baada ya kuunguza mota.

Lililoniumiza zaidi ni muuzaji. Alituahidi saizi nne, na kweli mashine inaweza saizi nne, lakini kila saizi inataka kalibu yake na gia yake ya kupimia urefu wa kukata. Katika sanduku mlikuwa na seti moja. Za pili na tatu nimezinunua kwa fedha yangu, na ya mfuko mdogo wa viungo sinayo mpaka leo, kwa hiyo mifuko ya karafuu na mdalasini ya watalii bado tunaikunja kwa mikono kama zamani. Mafunzo ya siku tano yaliyoandikwa kwenye makubaliano yalikuwa ya saa tatu. Ukinunua, zihesabu kalibu na gia kwa macho yako kabla fedha haijatoka, na visu vya akiba uombe viwili.

Pamoja na yote hayo, naipenda mashine hii. Ningerudishwa nyuma ningeinunua tena, ila ningebakiza milioni tano za gia, mota na karatasi nzuri badala ya kumaliza zote kwenye kuileta. Wanawake sita wote wapo: wawili kwenye mashine, mmoja gundi, shangazi ukaguzi, mmoja anahesabu na kufunga, na mimi ndiye ninayezunguka Wete na Mkoani kutafuta wateja, kazi ambayo zamani sikuwa na siku hata moja ya kuifanya. Yule mwokaji wa 1,500 sasa anachukua 2,000, na amerudi hata baada ya yale masika.

Wa Unguja mmoja aliniambia ana mteja mmoja tu wa mifuko 300 kwa siku. Dada yangu, kwa hiyo kunja kwa mikono kwanza. Na wewe wa Wete, usilipe arbuni bado. Jumamosi hii tunafungua roli jipya na mvua zimeshaanza. Njoo mapema, ukae mpaka tutakapoosha rola, na mfuko wa majaribio wa sukari uunyanyue mwenyewe.