Alertmanager baada ya kupandisha toleo: uzoefu wangu Lamu

Biashara yetu ni ndogo lakini ina viungo vingi. Mgeni anaingia kwenye tovuti, anachagua nyumba Shela au Mkomani, analipa kwa simu, kisha nahodha anapata ujumbe wa kwenda kumpokea gatini pale uwanja wa ndege wa Manda. Nyuma ya safari hiyo kuna API kadhaa (njia za programu moja kuzungumza na nyingine), zetu na za washirika. Moja ikilala, mtu anashuka ndege na mabegi yake na hakuna boti. Kwa hiyo nazichunga kwa Prometheus, programu inayopima hali za mifumo, na kazi ya kupeleka arifa anayo mwenzake, Alertmanager.

Seva yetu ilikaa na matoleo ya zamani muda mrefu. Yalifanya kazi, ila kelele zilizidi, na arifa ikishazidi kelele watu huizima simu. Baadhi ya niliyoyakuta baada ya kupandisha yapo tangu 2022, na wenye seva za kisasa wameshayazoea. Kwetu yalikuwa mageni.

Lililonifaa kuliko yote liko upande wa Prometheus, lilikuja na toleo la 2.42 mwaka 2023: keep_firing_for. Kalenda ya vyumba ya mshirika mmoja ina tabia ya kufa na kufufuka. Zamani kila ikianguka napata ujumbe, kila ikiinuka napata mwingine kwamba mambo yametengemaa, na kabla sijaweka simu chini imeanguka tena. Sasa kanuni inasema hivi: hata hali ikitulia, ngoja dakika kumi ndipo utangaze shwari. Msururu wa jumbe umekuwa tukio moja lenye mwanzo na mwisho. Kwa hili pekee ningepandisha toleo.

La pili ni saa. Alertmanager ilikuwa ikihesabu vipindi vya kunyamaza kwa UTC tu, saa ya kimataifa. Fikiria hesabu yake: nataka arifa ndogo ndogo zikome saa nne usiku, hiyo ni 22:00 kwa saa ya Kenya, na 19:00 kwa UTC. Yaani unaongeza sita, unatoa tatu, halafu ukimweleza mwenzio anauliza, "Saa nne ipi hiyo, kaka?" Tangu toleo la 0.25 unaandika Africa/Nairobi kwenye kipindi chenyewe na habari imeisha. Arifa za malipo hazina usiku wala mchana, hizo zinapita muda wote. Cheti cha usalama kinachobakiza wiki mbili kinaweza kungoja asubuhi.

Telegram nayo imeingia ndani ya programu tangu 0.24. Awali ilihitaji kijiprogramu cha katikati, kitu kingine cha kuchunga. Kuna pia disable_notifications, inayofanya ujumbe uingie bila mlio. Manahodha wamo kwenye kundi letu, na mtu aliyeamka alfajiri kwa safari ya Mokowe hana haja ya kuamshwa usiku kwa sababu API imechelewa sekunde mbili.

Mambo ya zamani bado ndiyo uti wa mgongo. Arifa zinazofanana zinakusanywa kuwa ujumbe mmoja (kwa kawaida inasubiri sekunde 30 kabla ya kutuma), na unaweza kuamuru kwamba seva kuu ikianguka, arifa za vilivyo juu yake zinyamaze.

Tahadhari moja kwa wanaochunga API za watu: jibu la 200, yaani "sawa" ya seva, halitoshi. Kalenda ile ile hurudisha 200 na orodha tupu, ikionekana nzima kabisa. Kwenye blackbox exporter, kijiprogramu cha Prometheus kinachojaribu huduma kutoka nje, weka fail_if_body_not_matches_regexp, ikague maneno ya jibu lenyewe, la sivyo Alertmanager haitakuwa na cha kukuambia.

Kasoro zipo. Alertmanager haina zamu: haijui kwamba wiki hii ni mimi na wiki ijayo ni mwenzangu, wala haipigi simu ya kawaida usipojibu. Mipangilio ni faili la YAML, maandishi yanayopangwa kwa nafasi, na nafasi moja ikikaa vibaya haipokei. Lipitishe kwanza kwenye amtool check-config, amri ya kulikagua. Ukurasa wake ni mkavu, unatosha kwa kuzima arifa kwa muda na si zaidi.

Kubwa kwa sisi wa visiwani ni data. Telegram inahitaji intaneti, na ukiwa kwenye boti data ikikatika arifa inangoja mpaka upate mtandao. SMS ingekufikia mapema zaidi, kwa hiyo arifa za malipo nazipitisha pia kwa webhook (ujumbe unaotumwa kwa anwani ya wavuti) hadi kwenye huduma ya SMS ya kulipia. Alertmanager yenyewe ni ya bure. Na seva yake isiwe hapa kisiwani: intaneti ikikatika Lamu, haitakuwa na njia ya kukuambia kwamba imekatika.