Programu ya wasifu wa wabunge wa Ghana: tarehe zimekaa sawa, maelezo ni machache

Programu hii ya simu nimeipima kwa ukurasa wa mtu mmoja, Spika Alban Bagbin, kwa kuwa safari yake ya kisiasa inagusa karibu kila kiti chenye uzito katika Bunge la Ghana tangu lilipoanza kukaa chini ya Katiba ya 1992. Waundaji wake wangali katika majaribio, hivyo jina la programu naliweka kando.

Kwa mambo ya msingi inastahili sifa. Ukurasa unaeleza kwamba Bagbin alizaliwa Septemba 1957 huko Sombo, katika Mkoa wa Upper West, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Ghana, na kuingia bungeni Januari 1993 kwa tiketi ya chama cha National Democratic Congress (NDC) akiwawakilisha watu wa jimbo la Nadowli, ambao walimrudisha katika kila uchaguzi hadi yeye mwenyewe alipoacha kugombea 2020. Nyadhifa zimepangwa kwa mfuatano unaosomeka kwa urahisi: kiongozi wa wabunge wa upinzani, kisha kiongozi wa walio wengi, waziri wa maji, ujenzi na makazi kuanzia 2010, waziri wa afya 2012, halafu Naibu Spika wa Pili 2017. Hata kushindwa kwake na John Mahama katika kura za maoni za urais za chama mwaka 2019 kumeandikwa waziwazi, jambo ambalo wasifu wa wanasiasa hupenda kuliruka.

Kasoro ni kwamba programu inaorodhesha vyeo bila kueleza jinsi vinavyofanya kazi. Msomaji aliyezoea utaratibu wa Kenya, ambako waziri hawi mbunge, atashangaa kuona Bagbin anashika wizara mbili bila kuliachia jimbo. Mstari mmoja ungetosha kumwambia kwamba Katiba ya Ghana inataka mawaziri walio wengi watoke miongoni mwa wabunge.

Pengo kubwa zaidi liko Januari 2021, ambapo programu inaandika tu kwamba alichaguliwa kuwa Spika. Uchaguzi wa Desemba 2020 ulikuwa umevipa chama tawala cha New Patriotic Party (NPP) na NDC viti 137 kila kimoja, na kiti kimoja kilichobaki kati ya 275 kikaenda kwa mgombea binafsi. Usiku ule wa uchaguzi wa Spika ulikuwa wa vurugu, mbunge mmoja alinyakua karatasi za kura, askari wakaingia ukumbini, na asubuhi Bagbin akawa amemshinda Mike Oquaye, Spika aliyekuwa akitetea nafasi yake, ilhali urais ulibaki mikononi mwa NPP. Kuyafinya hayo yote katika neno "alichaguliwa" ni uvivu, tena usio na sababu, kwa maana picha za mtu huyo akiwa katika joho la Spika zimepewa nafasi ya kutosha.

Isitoshe, Spika wa Ghana hana kura bungeni, wala ile ya kuamua matokeo kura zinapofungana. Nguvu yake iko katika maamuzi anayoyatoa akiongoza kikao, na bila kulijua hilo mtu hawezi kuelewa tukio la Oktoba 2024, Bagbin alipotangaza kuwa viti vinne viko wazi kwa sababu wabunge waliovikalia walikuwa wamebadili msimamo wao wa chama kuelekea uchaguzi. Kwa hesabu hiyo NDC ilibaki na wabunge 136 dhidi ya 135 wa NPP. Hapa programu imejitahidi: inataja viti vyenyewe, na pia hukumu ya Mahakama ya Juu ya Novemba 2024 iliyoutengua uamuzi huo.

Sehemu ya kutafuta inakubali jina la mtu peke yake, kwa hiyo ukiandika Nadowli hupati chochote. Naipa nyota tatu kati ya tano, na ninaipendekeza kwa mwandishi wa habari anayehakiki mwaka au cheo kwa haraka kuliko kwa mwanafunzi anayeanza kulisoma Bunge hilo.