TAHADHARI: Fundi jipsamu anayeziba ukuta kwa maboksi

Majirani wa Tabata, Segerea mpaka Kinyerezi, kuna fundi jipsamu anazunguka huku. Simu yake imejaa picha za kazi nzuri, na ulimi wake mtamu kuliko hizo picha. Jina silitaji, ila mkisikia maneno yake mtamjua.

Kwangu ukuta wa korido ni jipsamu. Mlango umebamizwa na watoto mpaka kona ya juu ya fremu ikapasuka, na upande wa kitasa pakabomoka tundu la kuingiza ngumi. Fundi akagongagonga kwa kidole, akatikisa kichwa kama daktari. "Mama, hapa bodi nzima ya milimita 12, kona za chuma, tepu, mifuko miwili ya puti ya kuzibia. Nipe laki na arobaini nikimbie Buguruni." Nikarusha kwa simu.

Akarudi na ndoo ya puti iliyokwisha kukorogwa. Bodi je? Eti amekatia kwa mwenzake, inaletwa na bodaboda. Mimi huyo, nikaenda zangu dukani. Jioni ukuta laini kama yai, na rangi juu. Nikampa ufundi wake elfu sitini, na soda ya baridi nikamnunulia, jamani.

Siku ya tisa upepo ukapiga mlango, kipande kikaanguka kizima. Ndani: boksi la mafuta ya kula limekunjwa mara tatu, maandishi yanasomeka, limeshikizwa kwa tepu ya kahawia ya kufungia mizigo. Skrubu hata moja hakuna. Puti nene kama mkate, katikati mbichi, nainyofoa kwa kucha.

Nampigia, ananiambia ni unyevu wa masika, nitume elfu thelathini aje na dawa. Dawa ya unyevu! Tangu hapo hapatikani.

Aliyekuja kurekebisha nimeletewa na jirani. Huyu alikata jipsamu mbovu mpaka katikati ya nguzo za ndani ya ukuta, ili bodi mpya ipate pa kufungia skrubu. Juu ya mlango akaikata kwa umbo la L, maana maungio yakiangukia sawa na kona ya fremu, kila mlango ukibamizwa ufa unarudi palepale. Tepu ya wavu, puti nyembamba mara tatu, kila mpako unakauka kwanza ndipo msasa. Rangi ilisubiri siku ya tatu. Na alikoroga puti kidogo kidogo mbele yangu, kwa sababu ile ya unga ikianza kuganda ukaiongezea maji haishiki tena. Kumbe ile ndoo niliyoletewa tayari ingenishtua mapema.

Kama yule wa kwanza amepita kwako, gonga ukuta karibu na fremu. Kwangu ulikuwa unalia pu, pu. Boksi ninalo bado, anayetaka picha aseme.