Joka Lililokua kwa Dakika Moja: Eragon, Kitabu na Filamu Yake

Habari zenu, watazamaji wangu, na karibuni tena. Mkisikia mabati yanagonga huko nyuma, huo ni upepo wetu wa Dodoma wa mwezi wa saba. Nimefunga madirisha yote na bado unaingia, tuvumiliane.

Leo nina vitu viwili mezani. Cha kwanza hiki hapa, kinene kama tofali, jalada la buluu, uso wa joka unakutazama usoni: Eragon, riwaya ya Christopher Paolini. Cha pili kiko humu kwenye kompyuta, filamu yake iliyotoka Desemba 2006. Wazazi mmekuwa mkiniuliza, mtoto wangu anapenda mambo ya majoka na mapanga, nimpe kipi? Nitajibu, ila nitachukua muda kidogo, kwa sababu kilichoipata Eragon kimezipata riwaya nyingi za fantasia za vijana zilipofika mikononi mwa studio za Marekani.

Tuanze na kitabu. Nakala hii niliinunua Majengo, kwa kaka mmoja anayetandaza vitabu vya mtumba chini, shilingi elfu sita. Gundi ya mgongo imelegea lakini kurasa zote zipo, nimezikagua moja moja kabla sijatoa hela. Na nyinyi mkinunua mtumba fanyeni hivyo, hakuna kinachouma kama kufika katikati ya vita ukakuta sura imechanwa. Ni kurasa zaidi ya 500. Mwanzoni kuna ramani, mwishoni kuna orodha ya maneno ya lugha alizozibuni mwandishi. Kiingereza chake ni cha kawaida, mwanafunzi wa kidato cha tatu anayependa kusoma atakimudu, na asiyekimudu atakimudu akifika katikati, maana hadithi itamvuta.

Paolini alianza kuiandika akiwa na miaka 15, nyumbani kwao Montana. Wazazi wake ndio waliokichapisha kitabu mwaka 2002, naye akazunguka mashuleni na maktaba akikinadi amevaa mavazi ya enzi za kale. Mwandishi Carl Hiaasen alikuwa safarini na familia, mtoto wake wa kambo akakisoma, akakipenda mno, na kupitia kwao kikafika kwa wachapishaji wakubwa, Knopf, waliokitoa upya mwaka 2003. Kwa hiyo ukisoma unasikia kabisa kwamba ni kijana anayemwandikia kijana mwenzake. Kuna mahali maelezo yanarefuka kupita kiasi, safari haziishi, wanatembea, wanakoka moto, wanalala, wanatembea. Lakini umri ule umo ndani, na ndio utamu wake.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe.

Eragon ni mtoto wa mkulima. Yuko mlimani anawinda, anaokota kitu cha buluu anachodhani ni jiwe. Nyumbani nyama haitoshi na baridi inakuja, kwa hiyo anajaribu kubadilishana jiwe hilo na nyama kwa mwenye bucha, anafukuzwa. Jiwe linakuja kupasuka, kumbe ni yai, linatoka joka dogo. Anamficha mtini, anamjengea kibanda, anampelekea vipande vya nyama kwa kuiba iba kutoka jikoni kwao. Siku zinapita, joka linakua, anahangaika kuficha nyayo zake. Anamtajia majina mengi, yote joka linakataa, mpaka akili inamjia kwamba labda huyu ni jike, ndipo likapatikana jina Saphira. Na siku ya kwanza anapompanda, magamba yanamchubua mapaja mpaka damu, hawezi hata kusimama. Mwandishi hakumpa raha ya bure. Kila anachokipata, kimemgharimu siku, au ngozi, au mtu anayempenda.

Nikaketi na mtoto wa dada yangu, ana miaka 14, yuko kwangu kwa likizo. Alikuwa amesoma sura kama kumi na tano hivi, nikamwambia basi tuangalie filamu. Tukafika pale Saphira anapaa akiwa bado mdogo, anaingia mawinguni, mwanga unamulika, anashuka akiwa joka zima lililokomaa. Yule mtoto akanigeukia akaniambia, "Mama mdogo, mbona amekua bila yeye?"

Bila yeye. Yaani bila Eragon. Nilisimamisha filamu. Nimesoma na kutazama uchambuzi mwingi wa filamu hii, na sijaona uliogusa pale alipogusa mtoto huyu.

Filamu ina dakika 104. Mwongozaji ni Stefen Fangmeier, mtaalamu mkubwa wa picha za kompyuta, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza filamu. Inaonekana. Joka lenyewe ni zuri, magamba yanang'aa, sauti ya Rachel Weisz inamfaa, na Jeremy Irons kama mzee Brom, mwalimu wa Eragon, anajitahidi kuibeba kila sehemu aliyomo. Studio ilitumia kama dola milioni 100, filamu ikaingiza kama milioni 250 duniani, lakini Marekani kwenyewe ilipata milioni 75 tu, na filamu ya pili haikuja. Wengi husema tatizo ni kukata. Mimi sikubaliani. Kila filamu inakata, haiwezekani kurasa 500 ziingie kwenye muda usiofika saa mbili. Suala ni unakata kipi.

Hawa walikata kukua. Wakamwondoa Katrina, binti anayependwa na Roran, binamu yake Eragon, na kitabu cha pili kwa sehemu kubwa kinaendeshwa na mapenzi ya hao wawili. Wakaondoa jeraha la mgongoni ambalo Eragon analipata katika vita vya mwisho, jeraha linalomtesa kitabu cha pili karibu chote na kumnyenyekesha. Kitabuni anashinda akabaki amevunjika. Kwenye filamu anashinda, basi. Ungetaka kutengeneza filamu ya pili, ungeanzia wapi?

Na si wao peke yao. Chukua Percy Jackson. Kwenye vitabu vya Rick Riordan, Percy anaanza akiwa na miaka 12, na mfululizo mzima umejengwa juu ya utabiri wa mtoto wa miungu wakubwa atakayefikisha miaka 16. Msomaji anahesabu naye miaka, kitabu hadi kitabu, roho mkononi. Filamu ya mwaka 2010 ikamfanya kijana mkubwa wa sekondari tangu mwanzo. Saa imeshapiga kabla hadithi haijaanza. Riordan aliwaandikia watengenezaji mapema akiwasihi wasimkuze, na baadaye akaziweka barua zile hadharani. Hawakumsikiliza. Tamthilia ya Disney iliyoanza Desemba 2023 ilimchukua mtoto wa rika lile hasa, Walker Scobell, na mwandishi mwenyewe akawa ndani ya kazi. Haijakamilika kila mahali, kuna wakati watoto wanajua jibu la mtego kabla mtego haujafungwa, na hofu inapotea. Ila ukimwona yule mtoto amesimama mbele ya jitu, unaona ni mtoto.

Artemis Fowl, ya mwaka 2020, ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Kwenye kitabu cha Eoin Colfer, Artemis ni mtoto wa miaka 12 mwenye akili ya kutisha na moyo mgumu. Anamteka askari wa viumbe wa chini ya ardhi ili alipwe dhahabu. Ni mkosefu, na vitabu vinavyofuata vinamrudisha polepole kwenye utu. Filamu ikampa wema tangu mwanzo, eti anamtafuta baba yake tu. Sasa atabadilika kutoka wapi kwenda wapi?

Kisha kuna The Golden Compass ya 2007, iliyogharimu dola milioni 180 na kupata tuzo ya Oscar kwa picha zake. Sura tatu za mwisho za kitabu cha Philip Pullman walizipiga picha, kisha wakazitoa, ili watu watoke ukumbini wakiwa na tumaini. Ndani ya sura hizo kuna msiba, sitasema wa nani. Waliukata msiba, na msiba ule ndio unaomtoa Lyra, binti ambaye hadithi ni yake, utotoni. Tamthilia ya kitabu hicho hicho, iliyoanza 2019, iliurudisha pale pale, mwisho wa msimu wa kwanza, na mimi niliulilia, sioni aibu kusema.

Mtaniuliza, mbona Harry Potter imefaulu? Fedha zipo, ndiyo, na vitabu vilikuwa vinapendwa duniani kote. Lakini angalieni hili: Daniel Radcliffe alianza kupigwa picha akiwa na miaka 11, na filamu ya nane ilipotoka mwaka 2011 alikuwa anakaribia 22. Watoto walikua mbele ya macho yetu, sauti zikavunjika, sura zikabadilika, hakuna kompyuta iliyohitajika. Nao walikata mengi. Filamu ya tatu haisemi hata ile ramani ya shule ilichorwa na nani, jambo ambalo kitabuni linakugonga kifuani. Tukawasamehe, kwa sababu hawakugusa miaka.

Kuna jambo jingine ambalo kitabu kinalo na filamu inahangaika nalo, ni mawazo ya ndani. Na hapa nawakumbuka ma-DJ wetu wanaotafsiri filamu. Nimekulia Mpwapwa, filamu zangu za kwanza niliziona kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatiririka. Mhusika amekaa kimya anatazama moto, kwenye filamu yenyewe hakuna neno hata moja, lakini DJ anakuambia: hapa jamaa anawaza, nikirudi kijijini nitamtazama mama usoni kwa macho gani. Tukawa tunanyamaza wote. Watu wazima walikuwa wakisema DJ anaongeza chumvi. Mimi leo naona alikuwa akifanya kazi ya mwandishi wa riwaya, alitufungulia kichwa cha mtu. Filamu ya kwanza ya The Hunger Games, ya 2012, ilikuta shida hiyo hiyo, maana kitabu chote ni sauti ya Katniss mwenyewe, binti aliyetupwa kwenye mashindano ya vijana kuuana, na wao wakatafuta njia yao: wakatuonyesha chumba cha wale wanaoendesha mashindano, tuone mtego unavyopangwa wakati yeye hajui. Suzanne Collins mwenyewe alishiriki kuiandika. Walifikiri, na kufikiri kwao kunaonekana.

Swali la wazazi ambalo sitaki kulipita: je, si uchawi huu? Naliheshimu swali hilo, hapa kwetu neno hilo ni zito na limeumiza watu. Katika Eragon, nguvu za maneno zinatoka mwilini mwa mtu. Kuinua jiwe kwa neno kunakuchosha kama ungelibeba kwa mikono, na ukijaribu jambo linalozidi nguvu zako unakufa. Mtoto anajifunza kupima uwezo wake. Eragon hatoi kafara, wala hamdhuru jirani kwa siri apate mali. Someni naye sura mbili tatu za mwanzo mjiridhishe wenyewe.

Filamu ninayoisubiri sasa ni Children of Blood and Bone, kutoka riwaya ya 2018 ya Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, aliyechota kwenye imani za Wayoruba. Gina Prince-Bythewood anaiongoza, Paramount wameipangia Januari 2027. Zélie, mhusika mkuu, ambaye kitabuni ni binti wa miaka 17, atachezwa na Thuso Mbedu wa Afrika Kusini, aliyezaliwa 1991. Umri huo unanipa wasiwasi, nyote mmeshajua kwa nini. Ila nilimwona kwenye The Woman King akicheza binti anayejifunza vita, na nilimwamini mpaka mwisho. Nitaitazama moyo wangu ukiwa wazi.

Na siku moja, ndugu zangu, mtu atutengenezee Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Majini wamo, mji uliogeuka mawe umo, na yumo Adili anayewacharaza manyani wawili usiku, kisha anawalisha na kuwabembeleza, kwa kuwa ni ndugu zake. Atakayeitengeneza nitamwomba kitu kimoja tu, asiharakishe zile usiku. Tuzihesabu zote pamoja naye.

Haya, jibu lenu. Kitabu, nunueni, hata cha mtumba. Filamu itazameni baada ya kumaliza kusoma, kwa ajili ya sura ya Jeremy Irons na kwa ajili ya kuzungumza na mtoto. Msianze nayo.

Mtoto wa dada yangu yuko sebuleni sasa hivi, amefika karibu na mwisho, na tangu jana hataki kuniambia anachokisoma kimemfanyaje. Ameniomba cha pili, Eldest. Yule kaka wa Majengo hana, ameniambia nipite tena Jumamosi.